Helmer Sundelin na Kituo cha Saba Kilichokaa Bila Mtu

Familia ya Sundelin ya kijiji cha Granliden, kwa heshima na taadhima, inautangazia ulimwengu mzima, serikali zake na vyama vyake vyote vya hoki ya barafu, kwamba umetimia mwaka tangu Mkuu wa Kikosi cha Wawindaji, Mzee Helmer Sundelin, alipofumba macho.

Ulimwengu mzima una shughuli zake, Babu. Tangazo hili litabandikwa kwenye mlango wa jumba la wawindaji, chini ya ilani ya mbwa aliyepotea na juu ya bei ya soseji, na Jumapili Folke atawasomea watu kabla ya kahawa. Kwa hiyo niseme tu kama tunavyosema nyumbani. Mwaka umepita, Babu, na kiti chako cha jikoni hakuna aliyethubutu kukikalia isipokuwa paka.

Wameniachia mimi kazi ya kuandika. Bibi alisema mkono unamtetemeka. Mama alisema akianza hatamaliza. Kisha wote wawili wakasema, "Tuva amesoma bweni, atajua." Bweni lenyewe lilikuwa la shule ya hoki. Asubuhi tulifundishwa kuteleza kinyumenyume na mchana tukafundishwa historia, na katika yote mawili nilifaulu zaidi kurudi nyuma kuliko kwenda mbele. Lakini nimekubali. Wanaoijua mizaha yangu wasiwe na hofu, Bibi atakagua kila mstari.

Jumapili hiyohiyo Folke, aliyerithi ukuu wako, atagawa vituo vya kuvizia vya msimu huu. Ameshaniuliza kama Septemba nitakuwepo au nitakwenda Amerika, maana kijiji kizima kinajua kwamba chuo kimoja cha Ohio kiliniita nikaichezee timu yake ya wanawake na kusoma bure. Nimemjibu Folke kwamba nabaki. Mama nilimjibu hivyo hivyo tangu masika, akanikumbatia, akaoka mkate. Hilo limekwisha, tuendelee na wewe.

Ulikuwa mtu wa maneno machache na kazi nyingi. Baridi ilipoanza kuuma ulitoa mpira wa maji na kulimwagia shamba la viazi, tabaka juu ya tabaka, hadi likawa kioo. Hapo ndipo alipojifunzia hoki mwanao, Mjomba Torbjörn. Hapo ndipo Mama alipokuwa golikipa, kwa sababu hakuna mwingine aliyekubali kupigwa. Hapo nami nilianguka mpaka nikachoka kuanguka. Hukupiga makofi hata siku moja. Nikifunga bao ulisema, "Naam." Nikikosa ulisema, "Naam." Mtu aliyelelewa nyumba hii tu ndiye angejua ipi ni ipi.

Wageni uliwapokea wote, hata wasaka vipaji kutoka Amerika. Walikuja na magari ya kukodi na viatu visivyofaa kwa theluji. Bibi aliwapa kahawa yenye vipande vya jibini ndani, nao wakavitazama kama vidudu. Uliwajibu kwa adabu, ukapokea zawadi zao, na walipoondoka ukasema, "Wanakuja na kofia, wanaondoka na mtoto." Kofia hizo hukuzivaa. Ulizivisha miti ya uzio kuzunguka matuta ya stroberi ili kutisha kunguru. Kunguru wa Granliden wanazijua timu za Amerika kuliko watangazaji wa redio.

Mtoto waliyeondoka naye wa kwanza alikuwa wako. Torbjörn alikuwa na miaka kumi na minane. Alianzia ligi ya vijana huko Kanada, akaja kuteuliwa na klabu kubwa karibu na mwisho wa orodha, wakati nusu ya ukumbi walikuwa wamekwenda kula. Kisha ikawa miaka ya ligi za chini na mabasi marefu. Ligi kuu yenyewe alicheza mechi mbili. Ukiulizwa sokoni ulisema, "Mwanangu amecheza ligi kuu," na ukabadilisha mazungumzo kabla mtu hajauliza amecheza kiasi gani. Alipoacha kucheza akaoa kulekule, akawa kocha wa watoto. Ulisema, "Naam." Ile naam sikuielewa.

Tatizo lilikuwa Septemba. Kule kambi za mazoezi hufunguliwa Septemba, na huku Septemba ndiyo hufunguliwa msimu wa kulungu wakubwa. Mwalimu, fundi bomba, hata mchungaji, kila mtu anaacha kazi na kwenda msituni kukaa kwenye kituo chake, kimya, mbwa wawafukuze kulungu kuelekea kwake. Cha saba ndicho kituo bora, palepale kinamasi kinapokutana na kijito. Na tangu Torbjörn alipoondoka, cha saba hakikukaliwa na mtu. Wewe mkuu wa kikosi ulijiweka cha tatu, kando ya barabara, ambako kulungu hapiti ila amepotea njia.

Kulungu si wajinga. Kila mwaka walipita cha saba kwa starehe zao, mmoja baada ya mwingine, kama waumini wanaotoka kanisani.

"Helmer bwana," Folke alikulalamikia siku moja mbele ya wote, "kulungu wa mkoa mzima wameshajua pa kupita. Tuwawekee basi na taa za barabarani!"

"Kituo kina mwenyewe," ukasema.

"Mwenyewe yuko Amerika!"

"Basi amechelewa."

"Amechelewa miaka kumi na tano?"

"Kuchelewa si kuhama, Folke. Kunywa kahawa yako."

Hata nyama ulimgawia. Mnajua tunavyogawa: nyama inapangwa marundo sakafuni, mtoto anasimamishwa akitazama ukuta, mtu anagusa rundo na kuuliza, "Hili la nani?" na mtoto anataja jina. Mtoto huyo kwa miaka mingi nilikuwa mimi. Mara nyingine nilimtaja Mfalme wa Uswidi, nikanyimwa soseji. Lakini daima lilikuwepo rundo moja zaidi ya idadi ya wawindaji, na daima nilijua lazima niseme, "La Torbjörn." Hakuna aliyecheka. Rundo hilo lilikwenda kwenye friza ya Bibi likingoja likizo ya Julai. Mjomba alipofika alikula nyama ya misimu mitatu iliyopita, ngumu kama soli ya kiatu, huku ukimtazama mdomoni.

"Tamu, Baba," alisema, machozi yakimlenga kwa kutafuna.

"Naam," ukasema. Ile naam niliielewa.

Mimi nilikaa nawe cha tatu tangu nilipoweza kunyamaza, yaani kwa kuchelewa. Kazi yangu ilikuwa kushika chupa ya kahawa na kutokukohoa. Mwaka mmoja nilijificha nyuma ya jumba nikaiga mlio wa kulungu jike, vizuri mno, mpaka wanaume sita wakatoka mbio na soksi. Wewe peke yako uliendelea kula. Nilipoingia nikiwa nimejikausha kama mtakatifu, ulisema bila kuinua kichwa, "Kulungu yule ana mafua." Hukuniumbua. Ulinisogezea tu mkate wenye siagi nyingi kuliko anavyoruhusu Bibi, na hivyo ndivyo ulivyokuwa ukipenda watu.

Sasa naandika sehemu ambayo Bibi aliniambia niiandike kwa ufupi.

Agosti ya mwaka jana wawindaji walikwenda kukata vichaka na kutengeneza vituo, msimu ukiwa bado. Wewe ulichukua nyundo na ubao mrefu, ukaenda peke yako. Ulikuwa na simu ya upepo. Folke alikuita.

"Uko wapi, mkuu?"

"Cha saba."

Folke akatania, maana hakujua afanye nini kingine. "Cha saba? Kwani nani kafa?"

"Bado hakuna," ukamjibu. "Nimekaa kidogo. Pazuri huku. Nilikuwa nimesahau."

Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho kwa binadamu, na Folke ameniruhusu nilitaje swali lake bila kulificha, kwa sababu limemkaa kooni mwaka mzima. Nakuomba umwondolee. Ulipochelewa chakula cha mchana tulikufuata, mimi na yeye. Ulikuwa umekaa wima, umeegemea mti, nyundo mapajani, kofia imeshuka kidogo. Kahawa ilikuwa bado ya moto. Kwenye matope mbele yako zilikuwepo nyayo za kulungu dume, mbichi, maji yakiingia ndani yake taratibu. Alikuwa amesimama pale karibu, kisha akaendelea na safari yake. Folke alivua kofia. Sikujua anamvulia nani kati yenu, lakini nami nilivua yangu.

Mjomba Torbjörn alikuja kwa mazishi akiwa na koti jembamba na Kiswidi kilichoanza kuteleza. Baada ya kanisa aliniomba nimpeleke. Nilimwongoza kwa sababu njia hakuikumbuka, na hilo pekee lilinikasirisha. Tulipofika nilimwonyesha kwa madaha, kama ninamkabidhi kombe.

"Haya, Mjomba. Hiki ndicho chako."

"Changu?"

"Cha saba. Amekutunzia miaka yote hiyo. Watu wamekosa nyama kwa ajili yako."

Akatikisa kichwa. "Tuva, mimi sijawahi kuwa na kituo. Niliondoka kabla sijafanya hata mtihani wa bunduki. Muda wangu wote ulikuwa hoki."

"Sasa hiki cha nani?"

"Cha Baba. Kilikuwa chake tangu kabla sijazaliwa. Mimi nilikaa pembeni yake tu, hapo, nashika chupa ya kahawa."

Miaka yote hiyo tulidhani kituo ulikwisha kumrithisha mwanao, na unamwekea nafasi, Babu. Tulikutania, tukakuonea huruma, Folke akakuita mkaidi. Kumbe kilikuwa kituo chako mwenyewe, na ulishindwa tu kukikalia peke yako.

Torbjörn alikaa. Ule ubao wako mpya ulikuwa mrefu wa kutosha watu wawili, nami nikakaa karibu naye. Alilia kama wanavyolia wachezaji, bila sauti, akitazama mbele, kana kwamba anangoja mlango wa benchi ufunguliwe. Kisha akasema, "Angeniambia." Nikamwambia, "Babu? Akuambie?" Tukacheka, tukalia tena.

Hapa ndipo nilipopanga kumalizia. Nilikwisha kuandika aya nzuri kuhusu uaminifu wa watu wa Granliden na jinsi mimi, mjukuu wako, nitakavyokaa cha tatu msimu huu kulilinda jina lako. Ilikuwa na maneno makubwa. Mama alikuwa akimenya viazi, mimi nikitafuta neno zito zaidi ya "kudumu", ndipo simu ya Bibi ilipolia chumbani. Baada ya muda Bibi akatokea mlangoni, simu ameibana kifuani.

"Tuva."

"Naam, Bibi."

"Torbjörn anauliza unapenda godoro gumu au laini."

Niliitazama karatasi hii. Haikunisaidia.

"Godoro la nini?" Mama akauliza.

"La chumba cha wageni," Bibi akasema polepole. "Anasema kocha wa chuo kile, wanayefahamiana, amempigia kumpongeza. Kumbe ni mwendo wa nusu siku tu kutoka kwake. Anasema amefurahi, atakwenda uwanja wa ndege kumpokea Tuva Alhamisi."

"Alhamisi ipi?"

"Hii ya baada ya Jumapili," nikasema.

Kutoka kifuani kwa Bibi ikasikika sauti ndogo ya Mjomba: "Haloo? Mama? Nimesema kitu kibaya?"

"Umesema kweli, mwanangu," Bibi akamwambia. "Subiri kidogo, huku kuna moto."

Mama aliweka kisu chini. "Ulisema umekataa."

"Nilisema."

"Nilioka mkate!"

"Ulikuwa mtamu, Mama."

"Wee Tuva, usinichezee! Na ile safari ya Stockholm, ya kumwangalia rafiki anayeumwa jino?"

"Ilikuwa ya viza."

"Na huyo rafiki?"

"Meno yake mazima."

Bibi alikohoa kikohozi kilichofanana sana na kicheko, akageukia ukuta. Mama hakucheka. Alinyoosha mkono, nikampa karatasi. Alisoma akiwa amesimama, midomo ikicheza. Alipofika kwenye ule ubao wa watu wawili, alikaa. Alipofika kwenye aya yangu nzuri aliinua macho.

"Humu pia umeandika unabaki."

"Ndiyo."

"Hata marehemu unamdanganya?"

Nilitafuta mzaha, Babu, wewe unajua huwa sikosi. Nikamwambia ukweli kwa sababu ndio uliobaki. Nikamwambia nilitia saini tangu Aprili. Nikamwambia sikuogopa Amerika wala mabasi yao wala kupigwa kwenye kuta za uwanja. Niliogopa siku ya kugawa nyama. Niliogopa mtoto fulani akitazama ukuta aseme, "La Tuva," na watu wasicheke. Kama nikisema naondoka, mtaniwekea kila kitu: kituo, rundo la nyama, kitanda kilichotandikwa. Nami nitakuwa nimechelewa maisha yangu yote.

Mama alichukua tena kisu, akamenya kiazi kimoja. Halafu akasema, "Kituo cha tatu Folke atampa mtu."

"Kweli, Mama?"

"Atanipa mimi. Nitakaa bila bunduki, nitashika chupa ya kahawa mwenyewe na nitainywa yote. Nani kakwambia nitakuwekea nafasi?" Akajipangusa macho kwa nyuma ya mkono wenye maganda. "Na rundo lako tutalila Oktoba. Ukitaka nyama, njoo."

Kisha akanirudishia karatasi. "Ile aya ya uaminifu futa. Haya mengine yaandike yote, na Folke ayasome mbele ya watu. Ukiona aibu, nenda nayo Ohio."

Basi nimeyaandika, Babu, na Bibi amekagua. Amefuta neno moja tu, ambalo lilimhusu mchungaji.

Wanaokukumbuka kila siku inayokuja: mkeo Alfhild, anayekumiminia kikombe halafu anakunywa yeye, binti yako Annelie, ambaye hanisemeshi tangu mchana ila amenipigia pasi nguo zote, hata soksi, mwanao Torbjörn na mkewe, Amerika, rafiki yako Folke na kikosi kizima cha Granliden, na mimi mjukuu wako Tuva, niliyekusudia kuliacha tangazo hili mlangoni likisema nabaki wakati niko angani. Nimekamatwa. Nakiri mbele yako na mbele ya wote wanaosubiri kahawa: nilikwisha kukubali, naondoka Alhamisi, na nina hofu. Popote nitakapokuwa, Babu, hutatoka moyoni mwangu.